Sanduku Langu Liliposema "Salama"

Najua nimepotea hapa kwa zaidi ya miezi miwili, na wawili watatu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika au nimeoa. Yote mawili bado. Nilikuwa nimezama katika kazi moja ya pembeni isiyo na malipo wala mteja, na kuna siku nilitamani isingekuwa na jina langu pia.

Kwa kawaida hapa tunaongea kuhusu seva, hifadhidata na makosa ya programu. Leo makosa ya programu yapo vilevile, ila yamepitia kwenye nyanya, dawa ya wadudu na kitu kinachoitwa kimeng'enya. Kemia niliagana nayo kidato cha nne bila machozi, kwa hiyo nitaeleza polepole kama nilivyoelezwa mimi. Chukua chai yako tuanze.

Mwaka jana mjomba wangu (ndugu yake mama, sisi Waluo humwita nera) alirudi kutoka shambani kwake upande wa Ahero akitokwa na jasho kuliko jua la siku ile. Alikuwa amepulizia nyanya tangu asubuhi kwa pampu ya mgongoni inayovuja, bila glavu, kitambaa tu kimefungwa puani. Mate yakaanza kumtoka, tumbo likamkata, akasema haoni vizuri. Hospitalini daktari alimmulika machoni, akaona mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, akauliza swali moja tu: "Amepulizia dawa gani?" Mkaza mjomba alikuwa ameifunga chupa ya dawa kwenye leso, akaifungua pale pale. Mjomba akadungwa atropini, na siku ya tatu akarudi nyumbani akilalamikia chakula cha wodini. Hapo tukajua amepona.

Nikiwa kwenye benchi nje ya wodi nilimwuliza daktari kama hakuna kipimo cha ugonjwa huo. Akaniambia kipo, cha damu, kinachopima kimeng'enya kimoja, lakini mgonjwa wa namna ile hasubiri majibu ya kipimo. Anatibiwa kwa kutazamwa macho. Jibu hilo lilinikaa kichwani.

Kimeng'enya (wengine husema enzaimu) ni protini yenye kazi moja inayoirudia bila kuchoka. Hiki tunachokizungumzia kinaitwa asetilikolinesterasi. Jina refu, kazi fupi. Neva inapotaka msuli ukaze, hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Msuli ukishapata ujumbe, lazima ujumbe ufutwe, la sivyo msuli utaendelea kukaza na tezi zitaendelea kutoa mate na jasho. Kifutio ni kimeng'enya hiki, na molekuli moja tu ya kimeng'enya huvunja maelfu ya molekuli za asetilikolini kwa sekunde moja. Nyie wenzangu wa programu, fikirini foleni ya ujumbe ambayo kazi ya kuifuta imekufa usiku na hakuna aliyeamka kuiwasha upya. Ndivyo mwili wa mjomba ulivyokuwa siku ile.

Dawa za wadudu za makundi mawili, ogano-fosfeti na karbameti, huua kwa njia hiyo hiyo. Zinakaa kwenye kiti ambacho asetilikolini ingekalia ndani ya kimeng'enya, na kazi inasimama. Mdudu anacho kimeng'enya hiki, samaki anacho, na mkulima anacho. Dawa haiulizi nani ni nani.

Sasa tumlete binti wa mjomba, binamu yangu, ambaye anasoma biokemia chuoni. Baada ya babake kuugua aliamua mradi wake wa mwisho uwe huu: atumie kimeng'enya hicho hicho kutambua mabaki ya dawa kwenye mboga. Wazo lenyewe ni rahisi. Weka kimeng'enya kwenye kichupa, kipe chakula chake, utazame kinafanya kazi kwa kasi gani. Kisha weka maji uliyooshea nyanya, utazame tena. Kasi ikishuka, kuna kitu kwenye nyanya kinachokizuia.

Lakini utaionaje kasi ya kitu usichokiona? Njia maarufu ilichapishwa mwaka 1961 na George Ellman na wenzake, na bado inatumika hadi leo. Kimeng'enya hupewa jamaa wa asetilikolini aliyetiwa salfa. Kikimvunja, hutoka kitu kiitwacho thiokolini, ambacho kikikutana na kemikali nyingine hufanya rangi ya njano. Mashine hupima njano hiyo inavyokolea. Shida ni kwamba mashine iko maabarani, nyanya ziko shambani, na njano ndani ya maji ya nyanya si rahisi kuiona kwa macho.

Ndiyo maana watafiti wengi wamehamia kwenye mwanga. Ukisimama Dunga saa sita mchana utapata shida kuihesabu mitumbwi iliyo mbali ziwani. Rudi usiku wakati wa kuvua omena na utazihesabu taa bila kukunja jicho. Ni hivyo hivyo kichupani: kitu kinachong'aa gizani huonekana hata kikiwa kidogo sana.

Hapa ndipo nano inapoingia. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na unywele wa mtu una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita. Vitu vikipunguzwa hadi nanomita chache huanza tabia mpya. Chembe za madini fulani za ukubwa huo humeta rangi inayotegemea ukubwa wake, na kwa kazi hiyo Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023. Nyingi za chembe hizo zina kadimiamu, ambayo ni sumu, na hungependa kuimwaga karibu na mto Nyando. Binamu alichagua ndugu zao wapole, vidoti vya kaboni (si doti za kanga, nilishauliza). Hivi viligunduliwa kwa bahati mwaka 2004 huko Marekani, watu wakisafisha masizi ya kaboni wakitafuta kitu kingine. Unaweza kuvitengeneza kwa kupasha moto asidi ya sitriki pamoja na urea. Ukivimulika kwa mwanga wa urujuanimno, vinatoa mwanga wa buluu mzuri sana.

Kihisi chake kinafanya kazi hivi. Kwanza anachanganya vidoti na vipande vyembamba mno vya manganizi dioksidi, vyenye rangi ya kahawia. Vipande hivyo hufunika vidoti na kunyonya mwanga, kwa hiyo kichupa kinakuwa giza. Kisha anaweka kimeng'enya na chakula chake. Kimeng'enya kikifanya kazi, thiokolini inatoka, nayo inayeyusha vile vipande vya kahawia. Vidoti vinafunuliwa na kichupa kinaanza kung'aa. Dawa ya wadudu ikiwepo, kimeng'enya hakifanyi kazi, thiokolini haitoki, na kichupa kinabaki giza.

Kwa hiyo: mwanga ni salama, giza ni hatari. Ishike sentensi hiyo, tutairudia.

Kazi yangu ilikuwa macho na akili ya kihisi, yaani simu na programu. Nilichukua katoni ya viatu, nikaipaka rangi nyeusi ndani, nikatoboa tundu la kamera. Taa ya urujuanimno nilitoa kwenye kile kifaa cha kukagulia noti bandia ambacho kila mwenye duka anacho. Vichupa vinne vinakaa kwa mstari, simu inapiga picha kila baada ya sekunde 5 kwa dakika 10, na programu inasoma pikseli za kila kichupa.

Nilidhani ni kazi ya jioni mbili. Ikawa wiki tatu, na naandika sababu hapa ili mwingine asipoteze wiki zake. Kwanza, kamera ya simu inajirekebisha. Vichupa vikianza kung'aa, kamera inasema "mwanga umezidi" na kuupunguza, basi mstari wako unalala wakati ungepaswa kupanda. Lazima ufunge mwangaza, muda wa lenzi na mizani ya rangi kabla ya picha ya kwanza. Pili, namba za pikseli si kiasi cha mwanga. Picha ya kawaida imekunjwa kwa hesabu inayoitwa gama ili ipendeze machoni, kwa hiyo pikseli ya 200 haina mwanga mara mbili ya pikseli ya 100, ina zaidi. Ikunjue kwanza. Tatu, usipime mwanga wa mwisho, pima mwinuko wa mwanzo. Tangu kazi ya Leonor Michaelis na Maud Menten ya mwaka 1913 watu wa vimeng'enya wanajua kwamba kasi ya mwanzoni ndiyo inayosema ukweli, kwa sababu baadaye chakula kinapungua na hata kimeng'enya kilichozuiwa nusu kinaweza kumfikia mwenzake. Nne, joto. Kimeng'enya kwenye chumba chenye nyuzi 30 hukimbia kuliko kwenye nyuzi 20, na Kisumu mnaijua. Kila kipimo lazima kiwe na kichupa kisafi cha kulinganishia ndani ya sanduku hilo hilo, saa hiyo hiyo.

Nilijivunia sana orodha hiyo. Mwisho wa yote niliweka jibu moja kubwa kwenye skrini: SALAMA kwa kijani au HATARI kwa nyekundu. Nilijiambia mkulima hana haja ya mistari na namba. Maabarani tulijaribu mara nyingi kwa maji safi yaliyotiwa dawa kwa kipimo, na halikukosea hata mara moja.

Jumamosi moja tukapanda matatu ya Ahero, sanduku magotini mwangu, binamu akiwa na chupa ya barafu yenye vifurushi vidogo vya kimeng'enya. Kimeng'enya chenyewe, ukitaka kucheka, hutolewa kwa samaki wa Amerika ya Kusini mwenye umeme mwilini. Barafu tulinunua kwa wauza samaki. Nikawaza kwamba samaki huyu amezoea wenzake sasa.

Mjomba alitupokea vizuri. "Okewa," akaniita, kama anavyowaita watoto wote wa dada zake, "umeleta redio?" Nikamwambia ni kipimo cha nyanya. Akasema nyanya zipo, kreti kadhaa zimeshachumwa na kupangwa chini ya mwembe, na mchuuzi wa soko la Kibuye anakuja kuzichukua Jumapili alfajiri. Pesa hizo zilikuwa za karo ya mtoto wa mwisho. Nikauliza zilipuliziwa lini. "Juzi," akasema, akitazama pembeni.

Tukafunga madirisha ya sebule. Binamu alikata nyanya, akaziponda, akachuja maji yake. Kichupa cha kwanza kilikuwa cha kulinganishia, bila nyanya. Cha pili kilikuwa na dawa tuliyoweka wenyewe makusudi. Cha tatu na cha nne vilikuwa na maji ya nyanya za mjomba kutoka kreti mbili tofauti. Nikabonyeza kitufe. Cha kwanza kikaanza kung'aa. Cha pili kikabaki giza. Cha tatu na cha nne vikawaka haraka hata kuliko cha kwanza. Baada ya dakika 10 skrini ikaandika SALAMA, kijani, mara mbili.

Mkaza mjomba alipiga makofi. Mjomba alivuta pumzi ndefu ambayo sikujua alikuwa ameizuia. Mimi, sitawadanganya, nilijisikia kama nimetoa programu yangu bora maishani. Tukaletewa ugali na samaki.

Ni baada ya kunawa mikono ndipo binamu alipofungua chupa ya barafu apange vitu vyake. Akakaa kimya. Akahesabu tena kwa kidole.

"Mbona kimebaki kimoja?"

Vifurushi vya kimeng'enya vilikuwa vinne, kimoja kwa kila kichupa. Kimoja kilikuwa bado kimefungwa, kizima. Alikuwa amesahau kukitia kwenye kichupa cha nne. Na kichupa cha nne kilikuwa kimewaka. Bila kimeng'enya. Programu yangu ilikuwa imepima kazi ya mfanyakazi ambaye hakufika kazini, ikampa alama zote.

Ilituchukua kama dakika 20 kuelewa, na mwenye kuelewa alikuwa yeye. Vipande vya manganizi dioksidi haviyeyushwi na thiokolini peke yake. Vitu vingine vingi vinavyotoa elektroni kwa urahisi vinaweza, na kimojawapo kinachojulikana sana ni vitamini C. Wapo hata watafiti wanaotumia mchanganyiko huo huo wa vidoti na manganizi kupimia vitamini C. Nyanya ina takriban miligramu 14 za vitamini C katika kila gramu 100. Tulikuwa tumeponda nyanya, tukatoa maji yake yote, tukayamimina kwenye kitu ambacho vitamini C hukiyeyusha mara moja. Kihisi kiliwaka kwa sababu nyanya ni nyanya. Kingewaka hata kama zingechovywa kwenye pipa la dawa.

Wasomaji wangu wa programu, hili mnalijua kwa jina lingine. Ni lile jaribio kwenye mradi linalopita kila siku, kijani kila siku, hadi siku moja unafuta kwa bahati mbaya sehemu ya msimbo inayojaribiwa na jaribio bado linapita. Hapo unagundua kwamba halijawahi kupima kitu. Mimi huwa nawaambia vijana ninaofanya nao kazi: kabla ya kuliamini jaribio, vunja msimbo makusudi uone kama litalia. Nimesema hivyo mara nyingi. Na bado nilibeba sanduku hadi Ahero bila kichupa chenye nyanya lakini kisicho na kimeng'enya. Majaribio yetu yote ya maabarani yalikuwa ya maji safi, na maji safi hayana vitamini C.

Kilichonitisha zaidi ni upande ambao kosa lilielekea. Kama kihisi kingekosea kwa kusema HATARI, mjomba angenuna, tungepima tena. Kilikosea kwa kusema SALAMA, na mtu akisikia salama hapimi tena. Anapakia kreti.

Basi ikabidi nikamwambie. Alikuwa nje akifunga kreti kwa kamba. Nilimwambia sanduku limekosea, na kosa ni letu. Hakukasirika kama nilivyotarajia. Alikaa juu ya kreti, akanitazama.

"Kwa hiyo hilo sanduku lenu liliniambia niuze."

"Ndiyo, Nera."

"Na mimi nikafurahi." Akanyamaza kidogo. "Okewa, siku niliyopulizia ninaijua. Lebo inasema nisubiri siku ngapi, ninaijua pia. Nilikuwa nimejua tangu asubuhi. Nilitaka mtu mwingine aniambie vingine."

Sikuwa na la kujibu. Hadi leo sina.

Tulipima tena jioni ile, kwa kuwa kimeng'enya kilikuwa kimebaki kimoja tu na binamu alikigawa kwa uangalifu. Safari hii hakuponda nyanya. Aliziosha ganda tu kwa maji kidogo, akatumia maji ya kuoshea, maana dawa iliyopuliziwa huanza kukaa juu ya ganda na vitamini C imo ndani. Vichupa vitatu: maji safi na kimeng'enya, maji ya ganda na kimeng'enya, maji ya ganda bila kimeng'enya. Hiki cha tatu kikabaki giza. Tulishukuru giza lile kuliko mwanga wowote wa mchana ule, kwa sababu lilimaanisha kwamba sasa mwanga ukitokea kwenye cha pili umetoka kwa kimeng'enya kweli. Na cha pili kilipanda, lakini kwa uvivu, mwinuko wake haukufika hata nusu ya ule wa maji safi. Kulikuwa na kitu kwenye ganda.

Mchuuzi alipofika alfajiri aliambiwa arudi siku za lebo zikitimia. Hakurudi yeye, akaja mwingine kwa bei ya chini, na nyanya kadhaa zilikuwa zimeoza. Karo ililipwa kwa awamu. Naandika hivi kwa sababu hadithi za teknolojia huwa zinaishia pale kifaa kinapofanya kazi, na gharama ya kifaa kusema ukweli huachiwa mtu mwingine ailipe.

Tukiwa kwenye matatu ya kurudi mjini, binamu aliniambia jambo ambalo sikulijua kuhusu Kisumu yetu. Kwenye maabara za utafiti wa malaria katika nchi nyingi kuna mbu wa aina ya Anopheles gambiae ambao jina lao ni KISUMU. Asili yao ni huku kwetu, na wamelelewa maabarani vizazi na vizazi bila kukutana na dawa. Hawana usugu wowote. Kazi yao ni kulinganishiwa. Ukitaka kujua kama mbu wa kijiji fulani wamekuwa sugu, unawawekea dawa wao, na pembeni unawawekea mbu wa KISUMU. Mbu wa KISUMU wasipokufa, usiseme mbu wa kijijini ni sugu. Dawa yako ndiyo mbovu.

Na usugu wenyewe unahusu kimeng'enya kile kile. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba badiliko la herufi moja tu katika jeni, linalobadilisha asidi amino moja kwenye nafasi ya 119 ya kimeng'enya cha mbu, linatosha kuzifanya ogano-fosfeti na karbameti zishindwe kukaa kwenye kile kiti. Si jambo la mbali. Mwaka 2017 nyumba za kaunti ya Migori, kando ya ziwa hili hili, zilipuliziwa ndani dawa ya kundi la ogano-fosfeti kuzuia malaria. Kujua kama kimeng'enya cha mbu kinazuilika au hakizuiliki ni swali la maisha ya watoto, na jibu lake linamtegemea mbu wa kulinganishia.

Yaani mji wetu umeipa dunia kipimo cha kulinganishia chenye jina letu, na mimi mwana wa mji nimekwenda Ahero bila changu. Nilicheka peke yangu hadi kondakta akanitazama.

Tangu siku ile nimebadilisha programu, na haya ndiyo mabadiliko. Kwanza, haikubali kuanza bila kichupa kisicho na kimeng'enya. Kichupa hicho kikiwaka, inakataa kutoa jibu lolote na inaeleza kwa nini. Pili, neno SALAMA nimelifuta. Si kwa ajili ya vitamini C pekee. Binamu alinieleza kwamba baadhi ya ogano-fosfeti, kama malathioni na klopirifosi, hukizuia kimeng'enya kwa unyonge zikiwa chupani, na hukolea sumu baada ya kubadilishwa na ini la mtu. Kwa hiyo kichupa kinaweza kuwaka huku mwili ukija kuumia. Na dawa za kundi la pairethroidi, ambazo wakulima wengi huzitumia, hazikigusi kabisa kimeng'enya hiki. Mbele yake kihisi chetu ni kipofu. Kwa hiyo programu sasa inasema tu kile ilichokiona: kimeng'enya kilifanya kazi kwa asilimia kadhaa ya kasi ya kawaida. Ni sentensi ndefu na haipendezi kwenye skrini. Tatu, nimeandika majaribio ya programu yenyewe ambapo nampa picha za vichupa visivyo na kimeng'enya, na jaribio linapita pale tu programu inapokataa kujibu.

Binamu naye anajaribu kumwondoa vitamini C kwa kutumia kimeng'enya kingine kinachomla, ambacho kinapatikana kwenye tango. Akifaulu tutaweza kuponda nyanya tena na kupima hata dawa iliyopenya ndani. Mjomba ametengeneza pampu yake, haivuji tena, na glavu amenunua. Anazivaa tukienda kumtembelea. Tukiondoka sijui, na hakuna kihisi cha jambo hilo.

Haya, kwa leo inatosha. Wiki ijayo nikijaliwa nitarudi kwenye hifadhidata, ambako angalau nyanya hazifiki. Wewe mwenye majaribio yanayopita kijani kila siku bila hata moja kulia, usiku wa leo kabla ya kulala futa mstari mmoja wa msimbo uone kama yataendelea kupita.